Mwerezi mwekundu, hikori au Osage: uchonge upinde wako kwa mti gani?

Katikati ya Marekani, kuanzia Missouri na Kansas kushuka Oklahoma hadi kaskazini mwa Texas, anayetaka kuchonga upinde kwa mkono wake ana miti mitatu karibu naye: mwerezi mwekundu, hikori (mti mgumu wa jamii ya jozi) na Osage (mti wa miiba wenye mbao ya manjano). Yote hutoa upinde mzuri, ila kila mmoja una kosa usilosamehe, na hapo ndipo penye uchaguzi. Nitasema mapema ninakoegemea. Kama hujawahi kuchonga upinde, anza na hikori. Mwerezi uwe wa pili, macho yakishazoea kuona mkono wa upinde, yaani nusu yake moja kutoka mshikio hadi ncha, unavyopinda. Osage ngojea siku utakapotaka upinde wa kukaa nao miaka mingi. Hata hivyo mwerezi ndio ulionisukuma kuandika, kwa sababu unadharauliwa bila haki na mara nyingi unapatikana bure.

Tuanze na kuujua mti wenyewe. Mwerezi mwekundu wa mashariki ya Marekani ni Juniperus virginiana. Kwa ukoo hauko na mierezi ya Lebanoni. Uko na mtarakwa, Juniperus procera, unaoota kwenye milima ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Undugu huo ulijulikana hata viwandani: mwerezi mwekundu ndio uliokuwa mti wa penseli wa Wamarekani, na ulipoanza kuadimika watengenezaji wakaugeukia mtarakwa wa Afrika Mashariki. Sifa iliyoupendeza mwenye kiwanda cha penseli itakupendeza na wewe: kisu kinapita bila kushikwa, na nyuzi za mbao ni laini na za karibu karibu.

Usije ukachanganyikiwa dukani. Kuna mti mwingine unaouzwa kwa jina la mwerezi mwekundu, ule wa magharibi, Thuja plicata, ambao mbao zake hutumika kwa uzio, paa na sakafu za nje. Huo ni laini mno, usiuchongee upinde. Wa mashariki utaujua kwa kiini chake chenye wekundu unaokaribia zambarau, weupe unaokizunguka, na harufu ya sanduku la nguo. Mbao nyembamba zinazouzwa kwa ajili ya kutandika ndani ya kabati ni za mti huu wa mashariki kweli, lakini hazina unene na zimejaa vifundo. Kwa hiyo mwerezi wa upinde hutafutwa shambani.

Nguvu, uzito na upana

Mita moja ya ujazo ya mwerezi mkavu ina uzito wa karibu kilo 530. Hikori ni kama kilo 800, na Osage hupita 850. Ukiipima kwa kuivunja, mbao ya mwerezi hukatika kwa mzigo usiofika nusu ya ule unaovunja Osage au hikori. Wengi wakishaona hivyo huuweka mwerezi kando na kusema ni dhaifu.

Lakini ukakamavu wake nao ni mdogo. Hikori hukataa kupinda zaidi ya mara mbili ya mwerezi. Ukigawanya nguvu ya mbao kwa ukakamavu wake, unapata kiasi inachoweza kunyumbuka kabla ya kukatika, na kwa mwerezi hesabu hiyo inatoka karibu asilimia 1. Hikori na Osage nazo ziko hapo hapo, moja chini kidogo, nyingine juu kidogo. Maana yake ni kwamba kipande safi cha mwerezi kinaweza kupinda kwa kina kile kile. Kinachopungua ni msukumo unaoupata kwa kila sentimita ya upana, na dawa yake ni kuuongeza huo upana. Mkono wa Osage ukitosha kwa sentimita 3.5 au 4, wa mwerezi upe 5 hadi 5.5, tena upana huo uufikishe mbali, kama theluthi mbili ya mkono, ndipo uanze kuupunguza kuelekea nchani.

Na kwa kuwa mti ni mwepesi, mkono huo mpana hauwi mzito kuliko ule mwembamba wa Osage. Ncha nyepesi hurudi upesi. Mshale unatoka kwa kasi na kiganja hakipati mtikisiko. Aliyezoea pinde nzito za hikori akishika wa mwerezi uliochongwa vizuri huiona tofauti kwenye mshale wa kwanza.

Hesabu hii inahusu kipande safi, kisicho na kifundo wala nyuzi zilizojisokota, na mwerezi safi ni adimu. Hilo ndilo tatizo lake la kwanza. La pili ni mgongo.

Kila mti unavyovunjika

Mgongo wa upinde ni upande unaotazama shabaha, ukivuta, unanyooshwa. Tumbo ni upande unaokutazama wewe, ukivuta, linabanwa. Mti unaweza kuwa hodari kwa kunyooshwa ukawa mvivu wa kubanwa, au kinyume chake.

Hikori ni hodari wa kunyooshwa kuliko karibu miti yote unayoweza kununua dukani. Mgongo wake hauvunjiki kirahisi hata nyuzi zikiwa zimekatwa kidogo. Kinachochoka ni tumbo: upinde unabaki umekunjika hata ukiuondolea upote, na kila mkunjo unaobaki ni kasi iliyopotea. Kosa kwenye hikori linakupa upinde mvivu, lakini upinde unakuwa nao, na unaweza kulenga nao shabaha ukajifunza. Ndiyo maana nasema uanze nao.

Osage ni hodari pande zote mbili. Kosa lake hufanyika mapema, wakati wa kuutayarisha mgongo, nami nitalieleza hapa chini.

Mwerezi una tumbo zuri na mgongo wa mashaka. Ukishindwa haukuonyi. Husikii ukilia, huoni kibanzi kikiinuka. Unakatika ghafla, mara nyingi penye kifundo, na vipande viwili vinaruka. Kwa hiyo wakati wa kuusawazisha, yaani kupunguza mbao kidogo kidogo hadi mikono yote miwili ipinde sawa, vaa miwani ya kazi, na usimwache mtoto asimame mbele yako. Upinde wa mwerezi usiovalishwa mgongo, yaani usiobandikwa kitu mgongoni, upewe urefu wa kutosha, sentimita 175 hadi 183 kwa mvuto wa kawaida wa sentimita 71, na usidaiwe nguvu ya kuvuta zaidi ya kilo 16 hadi 18, yaani ratili 35 hadi 40. Hapo utadumu. Ukitaka mfupi zaidi au wenye nguvu zaidi, uvalishe.

Mgongo wa kuvalisha mwerezi

Hapa ndipo kazi ya mwerezi inapokuwa tamu, na hapa ndipo anayeuchagua anapaswa kujiuliza ana nini mkononi.

Njia ya kwanza ni kuuacha na weupe wake. Ondoa gome, usiguse mbao iliyo chini yake, acha weupe wa milimita tatu au nne juu ya kiini chekundu. Ni upinde mzuri wa kutazama kuliko yote, mgongo mweupe na tumbo jekundu. Lakini nakushauri hivyo endapo tu mgongo wote, ncha hadi ncha, hauna kifundo kikubwa kuliko punje ya mtama.

Ya pili ni ngozi mbichi iliyokaushwa, nyembamba, ya mbuzi au ya kulungu. Unailowesha hadi ilegee, unaibandika kwa gundi, unaifunga kwa vitambaa mpaka ikauke. Ngozi haiongezi nguvu ya upinde. Kazi yake ni kuzuia kibanzi kisiinuke, na kwa mwerezi mrefu wenye vifundo vichache vidogo inatosha. Kama unaniuliza mimi, mwerezi wa kwanza wa mtu uwe mrefu na uvae ngozi.

Ya tatu ni kubandika ukanda wa hikori au mwanzi wenye unene wa kama milimita tatu. Nguvu inapanda mara moja. Hatari yake ni kwamba mgongo mgumu hivyo hulielemea tumbo la mwerezi, na ukilitazama tumbo kwa mwanga wa pembeni utaona vijistari vyembamba vya kukatisha, mbao zimekunjamana pale zilipobanwa kupita uwezo wao. Ukishaviona hakuna kurudi nyuma. Kinga yake ni kuuchonga ule ukanda uwe mwembamba kwa upana kuliko tumbo, mkono ukikatwa katikati uonekane umeinama pande zote mbili kutoka tumboni kwenda mgongoni. Anayenunua ukanda wa hikori aukumbuke mchongo huo kabla hajapaka gundi.

Ya nne ni kano, na ndiyo njia ya wenyewe. Wenyeji wa California na wa Bonde Kuu la Nevada walichonga pinde fupi kwa miti ya jamii hii hii ya mtarakwa na kuzivalisha kano. Ishi, mtu wa Wayahi, kabila la wenyeji wa kaskazini mwa California, aliyejitokeza katika mji wa Oroville mwaka 1911 na kuishi kwenye jumba la makumbusho la chuo kikuu huko San Francisco hadi kifo chake mwaka 1916, alimfundisha daktari Saxton Pope upinde wa namna hiyo: mbao bapa ya mtarakwa wa milimani, urefu unaopita mita moja kidogo tu, na kano mgongoni. Huko Nevada bado iko miti hai yenye makovu mahali ambapo kipande cha upinde kilitolewa. Fundi alichagua ubavu ulionyooka, akakata juu na chini, akakiacha kipande kikaukie pale pale mtini, akaja kukibandua baadaye. Mti haukufa. Ubavu ukiziba kwa mbao mpya iliyonyooka, ulitolewa tena. Sijui utunzaji wa msitu unaonivutia kuliko huo.

Kano hutoka miguuni na mgongoni mwa mnyama. Za kulungu ni nzuri, za ng'ombe zinafaa pia. Kano ya mguu ikikauka inakuwa ngumu, ya rangi ya asali, inapitisha mwanga. Unaigonga kwa jiwe laini juu ya gogo, taratibu, mpaka inageuka nyeupe na kuanza kuachana. Unaichambua kwa vidole hadi upate nyuzi nyembamba. Mafungu ya nyuzi unayachovya kwenye gundi ya ngozi yenye joto la kama nyuzi 60 za Selsiasi, isichemke kwa sababu ikichemka inapoteza nguvu, unakamua ziada kati ya vidole viwili, unalaza mgongoni, miisho ya mafungu ikipishana kama matofali ya ukuta. Kabla ya hapo mgongo wa mwerezi lazima uufute kwa spiriti na kuukwaruza kwa meno ya msumeno kwa urefu, maana una mafuta yake na gundi haishiki juu ya mafuta.

Ikikauka, kano hujivuta na kuuvuta upinde ukunjikie mbele. Wiki chache hazitoshi. Miezi ndiyo inayofaa. Kano hunyumbuka mara kadhaa zaidi ya mbao, kwa hiyo mgongo uliokuwa wa mashaka unakuwa upande salama kuliko yote, nalo tumbo la mwerezi linafanya kazi linayoiweza. Lakini kano ni nzito. Kwenye upinde mrefu unabeba uzito bila faida, kwa hiyo ziweke kwa wafupi, chini ya sentimita 150. Na unyevu ni adui yake: gundi ya ngozi hulegea. Waliozitumia waliishi nchi kavu.

Kuupata mti

Hikori unaingia dukani ukatoka nayo. Geuza mbao zote zilizopo, moja baada ya nyingine, ukitafuta ile ambayo mistari yake inaanzia ncha hii na kuishia ncha ile bila kutoka pembeni, usoni na ubavuni pia. Mstari ukitoka pembeni katikati ya urefu, irudishe. Kama unapata gogo, ukate majira ya kuchipua, wakati gome linapobanduka kwa mkono. Mbao inayobaki chini ya gome ndiyo mgongo tayari, hakuna cha kuchonga tena upande huo.

Osage ni hadithi nyingine. Asili yake ni bonde la mto Red, mpakani mwa Texas, Oklahoma na Arkansas, lakini ulipandwa mbali sana na hapo kama ua wa miiba, kabla senyenge haijaenea. John Bradbury, mwanabotania Mwingereza aliyepanda mto Missouri mwaka 1811, aliandika kwamba kwa Waarikara, kabila la wenyeji wa kando ya mto huo, bei ya upinde wa mti huu ilikuwa farasi na blanketi. Mpaka leo kipande kizuri kilichokaushwa hakiuzwi rahisi. Ukikipata, kazi ya kwanza ni kuondoa gome, kisha weupe wote, kisha kushuka hadi kwenye pete moja tu ya ukuaji na kuifuata hiyo hiyo bila kuikata, kutoka ncha hadi ncha, ukipanda nayo inapopanda na kuzunguka nayo kila kifundo. Kisu cha mikono miwili kinashuka kwenye mbao ya manjano, na kati ya pete na pete unasikia tabaka laini likikwaruza kwa ukavu, kama linavunjika, kabla pete ngumu ya chini haijatokeza. Sauti hiyo inakuongoza vizuri kuliko macho. Ukiikata pete mahali pamoja, mgongo utafunguka hapo hapo siku moja. Tena Osage haunyooki. Vipande vingi vimepinda au vimejisokota, na utavinyoosha kwa joto. Visu vinahitaji kunolewa kila mara. Nasema haya si kukukatisha tamaa. Upinde wa Osage haubabaishwi na unyevu, na ukichongwa sawa hudumu kuliko mingine miwili.

Mwerezi unaupata kwa kuomba. Tangu moto wa nyika uzuiwe, mti huu umetapakaa malishoni Oklahoma, Kansas na Nebraska, nao wafugaji hulipa watu waukate. Ukibisha hodi kwa adabu na kueleza unachotaka, mara nyingi utaruhusiwa. Usichukue ule unaosimama peke yake katikati ya malisho. Una matawi hadi chini, na kila tawi ni kifundo. Ingia penye msongamano, ambapo miti imegombania mwanga, utafute shina lenye unene wa sentimita 15 hadi 20 lililojivua matawi yake ya chini. Litazame gome: mistari yake ikizunguka shina, mbao nayo imejisokota. Pasua kwa kabari, usipasue kwa msumeno, ili mti wenyewe ukuonyeshe nyuzi zinakokwenda. Paka ncha zote gundi siku ile ile, maana mwerezi hupasuka kuanzia nchani.

Mkononi wakati wa kuchonga

Kwenye hikori unaweza kukaa na tupa muda mrefu. Osage inakulazimisha kwenda polepole kwa ugumu wake. Mwerezi unakudanganya kwa ulaini. Tupa ikipita mara tano umeshaondoa kilo moja ya nguvu. Hamia kwenye kikwaruzo mapema, mikono ikianza tu kupinda, na kila baada ya kukwaruza vuta upinde mara nyingi kwa mvuto mfupi kabla hujauangalia, ili mbao ikupe sura yake ya kweli. Penye kifundo tumboni acha unene kidogo zaidi pembeni yake. Kifundo kikiwa mgongoni, acha mbao inayokizunguka iinuke kama ilivyo, usiisawazishe kwa ajili ya uzuri. Vaa barakoa pia. Vumbi la mwerezi linanukia, lakini kifuani linachoma.

Unakoishi

Hili nalo liingize kwenye uchaguzi. Hikori hunywa unyevu kuliko wenzake. Arizona au Colorado ni mti wa kujivunia; Houston au New Orleans utakuwa mvivu kila kiangazi, isipokuwa uutunze ndani penye ukavu na uutoe siku ya kulenga. Pwani hizo ningechagua Osage, au mwerezi wenye ngozi uliopakwa vanishi vizuri. Mwerezi wa kano ningeubakiza kwa nchi kavu.

Msomaji aliyeko nyumbani, Kenya au Tanzania, akitamani upinde wa namna hii atautazama mtarakwa. Ni ndugu wa karibu, na yote niliyosema juu ya upana, vifundo na mgongo yazingatie hivyo hivyo. Usiukate msituni bila kibali. Nunua kwa mwenye haki ya kuuza, au tafuta nguzo kuukuu ya uzio, ambayo imeshakauka miaka, uipasue uone kama ndani haina nyufa wala misumari. Na kabla ya kwenda huko, muulize fundi wa eneo lako kuhusu mti wa mkole. Jamii kadhaa za nyanda kavu hutumia mikole kwa pinde na mishale, na fimbo yake haikudai uivalishe mgongo.